Mwalimu halii, njia ya machozi ndiyo iliyoziba

Dada Muuguzi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 56. Huu ni mwaka wa tatu jicho langu la kushoto linatiririsha machozi. Nikiwa ndani nimetulia huwa afadhali, lakini nikisimama mbele ya darasa na upepo kidogo ukapita dirishani, shavu zima linalowa. Watoto wananong'onezana, "Mwalimu analia." Mwaka jana mtoto mmoja wa darasa la pili aliniletea kitambaa chake akaniambia, "Pole mwalimu, yataisha." Nikatoka nje ya darasa, na siku hiyo nililia kweli.

Dawa za matone nimetumia nyingi hata majina nimeyasahau. Nikianza chupa mpya napata nafuu siku nne au tano, kisha hali inarudi pale pale. Asubuhi kope zinakuwa zimegandana kwa tongotongo. Niligundua mwenyewe kwamba nikibonyeza kwenye kona ya jicho karibu na pua, unatoka ute mzito, mara mweupe, mara wa njano. Basi kila siku kabla ya kwenda kazini naukamua, najifuta, naondoka. Miezi minane iliyopita palivimba hapo hapo, pakawa pekundu na pa moto, maumivu yakashuka hadi kwenye meno. Nilipewa vidonge na sindano, jipu likapasuka lenyewe, likatoa usaha na kuniachia alama.

Sasa jicho hilo hilo limepata mtoto wa jicho. Nilikwenda hospitali nikitegemea kupangiwa tarehe ya kumwondoa. Daktari akabonyeza ile kona, akaona kilichotoka, akaniambia hawezi kugusa mtoto wa jicho mpaka njia ya machozi itengenezwe kwanza, na kwamba hilo nalo ni upasuaji: watatoboa mfupa kando ya pua ili kufungua njia nyingine. Dada, niliposikia neno mfupa, mengine yote hayakuniingia. Nilitoka pale nikijiambia kwamba nazungushwa. Mtu umekwenda kutibiwa jicho, unaambiwa habari za pua!

Wifi yangu anamfahamu mtu aliyefanyiwa upasuaji huo na machozi yakarudi. Mume wangu anasema machozi hayajawahi kumuua mtu, nivumilie tu. Kweli hakuna dawa ya kuzibua? Na uso wangu utakuwaje?

Jambo la mwisho. Mjukuu wangu wa miezi minne naye jicho moja linatoa machozi na tongotongo tangu akiwa na wiki tatu. Mkwe wangu ameanza kuniangalia kama mtu aliyeleta ugonjwa wa ukoo. Je, naye atatobolewa mfupa? Kama ina maana, natumia vidonge vya presha na aspirini ndogo kila siku.

Mwalimu wa Kitambaa

* * *

Marahaba, mwalimu wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwa mtoto wa darasa la pili. Nimefanya uuguzi katika wodi ya macho kwa miaka mingi, na wagonjwa wa njia ya machozi walikuwa wakitufikia wamechoka kuliko wengine wote, kwa sababu ugonjwa wao kila mtu anauona na hakuna anayeuhesabu kuwa ugonjwa. Kwa hiyo nianze na neno nililotaka kukuambia hata kabla sijafika mwisho wa barua: daktari hakuzungushi. Kati ya wote waliolishughulikia jicho lako kwa miaka mitatu, huyo ndiye aliyebonyeza mahali panapostahili. Na kinachokupeleka kwenye upasuaji si machozi yenyewe. Ni ule ute unaoukamua kila asubuhi.

Fanya jaribio dogo la kukumbuka. Ukitia dawa ya matone jicho la kulia, baada ya muda kidogo husikii uchungu wake kooni? Na ukitia la kushoto, husikii kitu. Hapo ndipo ugonjwa wako wote ulipo. Jicho na pua ni majirani wenye mlango wa ndani. Machozi yanatengenezwa na tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje, yanaoshwa juu ya jicho kila unapopepesa, kisha yanaingia kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo ukingoni mwa kope, kimoja juu na kimoja chini, karibu kabisa na pua. Ukijitazama kwenye kioo ukivuta kope ya chini kidogo, utakiona: kama alama ya ncha ya sindano. Kutoka hapo kuna vijia vyembamba vyenye urefu wa kama milimita 10, vinavyomwaga machozi kwenye kifuko kidogo kilichojificha kando ya pua. Kifuko hicho kinateremsha machozi kwa mfereji unaopita ndani ya mfupa na kutokea ndani ya pua, chini. Ndiyo maana mtu akilia sana kamasi nazo humtoka. Yale ni machozi yaliyoshika njia yake ya kawaida.

Kwako mfereji ule wa chini umeziba. Machozi hayajazidi, yamekosa pa kwenda. Yanajaa kifukoni, yanasimama, na maji yaliyosimama mahali penye joto na giza hayakosi vijidudu. Unapokamua asubuhi unarudisha juu usaha uliolala kifukoni usiku kucha.

Sasa utaelewa kwa nini dawa za matone zimekuchezesha miaka mitatu. Zile za kuua vijidudu hupunguza usaha kwa siku chache, ukajiona umepona, lakini mfereji ukiwa bado umeziba vijidudu vinarudi vikiwa na makazi yale yale. Uliuliza kama hakuna dawa ya kuzibua. Kwa mtu mzima mwenye mfereji ulioziba kabisa, hakuna. Kilichoziba si uchafu wa kuyeyushwa. Ni ngozi laini ya ndani ya mfereji iliyovimba na kupona, ikavimba na kupona, mpaka kuta mbili zikashikana na kuwa kovu. Mara nyingi chanzo hakijulikani, na wanaopata zaidi ni wanawake waliovuka miaka 40, moja ya sababu zinazotajwa ikiwa ni kwamba mfereji wao wa mfupa huwa mwembamba kuliko wa wanaume. Wengine huziba baada ya kuumia pua au uso, baada ya upasuaji wa pua, baada ya mionzi, au kwa baadhi ya dawa za saratani. Hukulitaja lolote kati ya hayo, lakini daktari akikuuliza mwambie yote, hata ajali ya utotoni.

Kuna watakaokuambia basi sindano ndefu ipitishwe tu izibue. Hilo hufanywa kwa watoto, nami nitalifikia nikija kwa mjukuu wako. Kwa mtu mzima kovu hujifunga tena baada ya muda mfupi, unabaki na maumivu na njia ile ile iliyoziba.

Nirudi kwenye mtoto wa jicho, maana hapo ndipo ulipohisi kuonewa. Kumwondoa mtoto wa jicho ni kulifungua jicho lenyewe, hata kama tundu ni la milimita mbili tatu. Ndani ya jicho ni mahali safi kabisa pasipo na kinga kubwa dhidi ya vijidudu. Wewe una kifuko cha usaha sentimita moja tu kutoka kwenye tundu hilo, na usaha huo unapanda juu ya jicho kila unapopepesa. Kijidudu kimoja kikiingia ndani na kuzaana, jicho linaweza kupoteza uwezo wa kuona katika siku chache, na hapo hata daktari hodari anaweza asiliokoe. Niliwahi kumhudumia mgonjwa wa namna hiyo. Sitalisimulia zaidi, ila tangu siku ile kila mgonjwa wa mtoto wa jicho niliyemwandaa nilimbonyeza kona ya jicho kwanza. Daktari angekufurahisha kwa kukupangia tarehe uliyoitaka. Amekataa kwa sababu anataka uone.

Mumeo anasema kweli kwamba machozi hayaui. Mwoneshe lile kovu la jipu. Jipu la namna ile likitokea mara moja huwa na tabia ya kurudi, na likikosa njia ya kutokea nje linaweza kusambaa nyuma ya jicho. Siku pakivimba tena, pakawa pekundu na pa moto, usibonyeze hata kidogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiona homa, jicho linasukumwa mbele, unaona vitu viwili viwili au uoni unafifia ghafla, usingoje kupambazuke.

Basi tuje kwenye huo mfupa.

Kabla ya lolote, daktari atathibitisha mahali palipoziba. Huenda amekwisha kufanya hivyo: wanatia rangi ya njano jichoni na kutazama baada ya dakika tano kama imeondoka au imebaki, kisha wanapitisha maji safi kwa sindano butu kwenye kile kitundu cha kope. Maji yakifika kooni, njia ipo. Yakirudi kwa kitundu cha juu yakiwa na ute, kifuko kiko wazi na mfereji wa chini umeziba, na huyo ndiye mgonjwa anayefaa zaidi kwa upasuaji huu. Kwa ulivyoeleza wewe, ute ukitoka ukibonyeza, nina matumaini kwamba uko upande huo. Watachungulia pia ndani ya pua kwa kamera nyembamba, maana ndiko njia mpya itakakotokea.

Upasuaji wenyewe wazo lake ni rahisi. Mfereji ulioziba wanauacha ulivyo. Kifuko cha machozi kimelala juu ya mfupa, na upande wa pili wa mfupa huo ni chumba cha pua. Kinachowatenganisha ni ukuta mmoja tu. Daktari anafungua dirisha kwenye ukuta huo, lenye upana wa sentimita moja au zaidi kidogo, anapasua kifuko upande wa ndani na kuunganisha ngozi yake laini na ngozi laini ya pua. Machozi yanaingia kifukoni na kupita moja kwa moja kwenda puani, bila kuhitaji ule mfereji. Sehemu ya mfupa huo ni nyembamba kama karatasi, sehemu nyingine ni imara zaidi na huondolewa kidogo kidogo kwa chombo maalumu. Hakuna kuvunja pua, na umbo la pua halibadiliki. Aliyeufikiria kwanza upasuaji huu kwa kupitia ngozi ya nje ni daktari wa Florence, Italia, Addeo Toti, mwaka 1904. Mwaka 1921 Wafaransa wawili, Dupuy-Dutemps na Bourguet, wakaongeza ule ushonaji wa ngozi laini za ndani, na hapo matokeo yakawa mazuri zaidi. Nakutajia miaka hii ili ujue hujaambiwa jambo la kubahatisha. Wamepita wagonjwa wa zaidi ya karne moja kabla yako.

Kuna njia mbili za kulifikia dirisha hilo. Moja ni ya nje: mkato wa sentimita moja hadi moja na nusu kando ya pua, karibu na kona ya jicho. Nyingine ni ya ndani ya pua kwa kutumia kamera, ambayo haiachi alama usoni na ambayo imeenea zaidi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kamera hizo zilipokuwa bora. Wapo watakaokusifia hii ya pili kwa sababu ni ya kisasa. Mimi sitakusukuma upande wowote. Zote mbili, mikononi mwa mtu anayezifanya mara kwa mara, hufanikiwa kwa kama wagonjwa 9 kati ya 10. Kwa hiyo la kuuliza si ipi ya kisasa. Muulize daktari: wewe unafanya ipi zaidi, na wagonjwa wako wanaendeleaje mwaka mmoja baadaye? Kovu la nje kwa wengi hugeuka mstari mwembamba usioonekana mpaka uoneshwe, na wewe tayari una alama ya jipu mahali hapo hapo. Ila kama katika mwili wako makovu hutuna na kuwa makubwa, mwambie mapema, maana hilo linaweza kumfanya achague kupitia puani.

Wengine hulazwa usingizi kabisa, wengine hupigwa ganzi na kupewa dawa ya kutuliza. Waliopigwa ganzi tu waliniambia neno moja karibu wote: kilichowashtua ni sauti ya mfupa ukikatwa karibu na sikio, si maumivu. Ukijua sauti hiyo inakuja, inapungua nguvu. Kama hofu yako bado ni kubwa, omba usingizi. Si aibu.

Mwishoni mara nyingi daktari anapitisha mrija laini sana wa silikoni, mwembamba kama uzi mnene, unaoingia kwa vitundu vyote viwili vya kope na kushuka hadi puani, ili njia isijifunge inapopona. Hukaa wiki sita hadi miezi mitatu, na hutolewa kliniki kwa dakika chache. Kwenye kioo utaona kitanzi kidogo kwenye kona ya jicho, usikiguse. Kikitoka na kuning'inia, usikate, usivute. Kibandike shavuni au kando ya pua kwa plasta na urudi hospitali. Niliona mama mmoja aliyekikata kwa mkasi wa nyumbani akidhani ni uzi wa mshono uliosahauliwa, na siwezi kumlaumu, hakuna aliyemweleza.

Yule anayemjua wifi yako anaweza kuwa mkweli kabisa. Mmoja kati ya 10 njia hufunga, mara nyingi kwa sababu kovu limekua juu ya dirisha, na mtu huyo anaweza kufanyiwa tena na kufanikiwa. Wengine hawakuwa na mfereji ulioziba tangu mwanzo: kope ya chini imelegea na kugeuka nje, au vijia vyenyewe vya juu vimeziba, au jicho ni kavu. Ndiyo, jicho kavu nalo hutoa machozi, kwa kujitetea. Waliozibika vijia vya juu huhitaji upasuaji mwingine, ambapo mrija mdogo wa kioo huwekwa na kubaki humo humo. Msimlinganishe huyo na wewe mpaka mjue yeye alikuwa na nini.

Aspirini na presha zina maana kubwa sana, na ninakushukuru kwa kuzitaja. Hatari ya kwanza ya upasuaji huu ni damu, kwa sababu pua ina mishipa mingi. Presha ikiwa juu siku hiyo, daktari anaweza kuahirisha, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo meza vidonge vyako vya presha kama ulivyoandikiwa, na uulize kuhusu asubuhi ya upasuaji. Aspirini usiiache kwa uamuzi wako wala kwa ushauri wangu. Kama ulipewa kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi, kuiacha nako kuna hatari yake. Aliyekuandikia na anayekupasua wazungumze, wakupe tarehe ya kusimamisha au wakuambie uendelee. Wataje na dawa nyingine zote unazotumia, hata za mitishamba, maana baadhi huzidisha kutokwa damu.

Baada ya upasuaji utaamka na uzito puani, pengine na pamba ndani ya pua, na uvimbe au weusi chini ya jicho kwa siku kadhaa. Utashuka ute wenye damu kidogo, huo usikutishe. Damu inayotiririka ukiwa umekaa wima umebana pua na haikomi, hiyo rudi nayo hospitali, iwe siku ya kwanza au ya nane. Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito miwili. Siku ya kwanza kunywa vitu vya vuguvugu, siyo vya moto. Usiiname kuokota vitu wala kubeba mizigo mizito kwa wiki moja au mbili. Na kubwa kuliko yote: usipenge kamasi mpaka uruhusiwe, kwa kawaida wiki mbili hivi. Chafya ikija, ipige mdomo ukiwa wazi. Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku tano hadi saba. Kwa mwalimu, mimi ningeomba ruhusa ya wiki mbili kamili. Chaki, kuinama kwenye madawati na kupaza sauti si rafiki wa pua mbichi.

Machozi yanaweza yasikome siku hiyo hiyo. Mrija ukiwa bado ndani, na uvimbe bado upo, wengine hulowa shavu kwa wiki kadhaa na kukata tamaa bure. Usaha ndio hukoma mapema, na kwako wewe huo ndio tunaousubiri, kwa sababu ukikoma na daktari akasukuma maji yakapita hadi kooni, mlango wa kumwondoa mtoto wa jicho unafunguka. Huwa ni suala la wiki kadhaa, siyo mwaka.

Kuna jambo moja nisingependa ulisahau kumwambia daktari kama lipo: machozi yenye damu, pua ya upande mmoja inayotoka damu yenyewe, au uvimbe mgumu usiouma ulio juu zaidi ya usawa wa kona ya jicho. Hukuyataja na sidhani unayo, lakini yakiwepo lazima picha ichukuliwe kwanza ili kuhakikisha si uvimbe mbaya.

Sasa mjukuu, na hapa naomba mkwe wako asome mwenyewe. Mwanangu, mama mkwe wako hajakuletea kitu. Ugonjwa wake ni kovu la utu uzima. Wa mtoto wako ni mwingine: mtoto anapozaliwa, mwisho wa mfereji kule puani huwa na utando mwembamba ambao kwa wengi hupasuka wenyewe, na kwa wengine huchelewa. Ni jambo la kawaida mno kwa watoto wachanga, na kama 9 kati ya 10 hufunguka kabla ya kutimiza mwaka, bila kisu na bila mfupa wowote kuguswa.

Kazi yako ni kumkanda. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, weka ncha ya kidole cha shahada kwenye kona ya jicho lake kando ya pua, bonyeza kwa uthabiti, kisha teremsha kidole kufuata ubavu wa pua. Mara tano hadi kumi, na urudie mara tatu au nne kwa siku, labda kila unapomnyonyesha ili usisahau. Kupapasa ngozi juu juu hakusaidii. Kidole kiwe na nguvu ya kusukuma maji yaliyo ndani ya kifuko yakapige ule utando. Mama wengi huogopa hapo, wanakanda kama wanapaka mafuta, kisha wanasema haikufaa. Omba muuguzi akuoneshe kwenye uso wa mtoto, mara moja tu utaelewa. Tongotongo lifute kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, na matone ya dawa tumia tu kama daktari ameyaandika kwa sababu usaha umezidi au jicho limekuwa jekundu.

Akifikisha mwaka na bado, daktari atapitisha waya mwembamba butu kupitia kitundu cha kope hadi puani na kupasua ule utando. Hufanywa kwa dakika chache, mara nyingi mtoto akiwa amelazwa usingizi mfupi, na wengi hupona kwa mara hiyo moja. Wachache huhitaji mrija wa silikoni au upasuaji kama wa bibi yake, na hao ni wachache kweli. Ila mpelekeni aonwe wiki hii, hata kama ninaamini ni utando tu, kwa sababu mtoto anayetoa machozi huku akikimbia mwanga, au mwenye jicho linaloonekana kubwa kuliko lingine au lenye ukungu kwenye mboni, anaweza kuwa na presha ya jicho, na hiyo haisubiri kukandwa.

Mwalimu wangu, rudi kwa daktari yule yule. Nenda na mumeo, akae kwenye kiti cha pili asikie mwenyewe, na uandike maswali kwenye karatasi, maana neno mfupa linaweza kukuziba masikio tena. Na mrija utakapotolewa na ukaruhusiwa kupenga, penga taratibu, ukisikilizia kona ya jicho la kushoto. Ukihisi kipumzi chembamba cha hewa kinapanda pale, usishtuke, maana njia iko wazi. Niandikie siku hiyo.